Baisikeli ya Sproketi Mbili

Katika mji wa Dar es Salaam pana mtaa uitwao Kariakoo, wenye soko kubwa lijulikanalo nchini kote. Jina la mtaa huu lina habari yake. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, iliyoanza mwaka 1914 ikaisha mwaka 1918, Waingereza walikusanya wapagazi wengi mno wa kuwachukulia askari vyakula na risasi. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916 wapagazi walikaa mahali hapa. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao wenyewe, likawa Kariakoo. Maelfu ya wapagazi wale walikufa vitani kwa maradhi, njaa na uchovu.

Basi mtaa huu ulipata jina lake kwa watu waliochukua mizigo, na mpaka leo kazi yake kubwa ni mizigo. Kabla jua halijachomoza malori huteremsha viazi, vitunguu, ndizi na nazi, na watu huja kununua na kutawanya bidhaa hizo katika mji wote. Wengine huchukua kichwani, wengine husukuma mikokoteni, na wengine hutumia baisikeli. Baisikeli huchukua samaki wa Feri katika matenga, huchukua madafu yaliyopangwa kwa ustadi, nazo huleta mjini magunia ya mkaa kutoka upande wa Pugu na Kisarawe. Mtu mwenye baisikeli nzima anaweza kuchukua mzigo ambao kichwa chake kisingeweza kuuchukua hata hatua mia.

Lakini baisikeli ina adui mmoja, naye ni mlima. Penye tambarare gurudumu hubeba uzito wa mzigo, na mpandaji husukuma tu. Penye mlima mpandaji hana budi kuuinua mzigo, na baisikeli, na mwili wake mwenyewe, vyote pamoja. Hapo ndipo magoti huuma na mtu hushuka akasukuma kwa mikono. Habari hii yaeleza jinsi fundi anavyoweza kuongeza sproketi ya pili mbele ya baisikeli, ili mlima uwe mwepesi. Tena yaeleza kile ambacho sproketi hiyo haiwezi kukifanya.

I. Kijana na fundi

Na tufikiri habari za kijana mmoja anunuaye nazi Kariakoo kila alfajiri na kuzipeleka Kimara, safari ya zaidi ya kilometa 10. Hutoka sokoni, hufuata barabara ya Msimbazi mpaka Fire, kisha hushika barabara ya Morogoro. Hushuka bonde la Jangwani penye mto Msimbazi, hupanda Magomeni, hupita Manzese na Ubungo, na kutoka hapo nchi huinuka mpaka Kimara. Nyuma ya kiti chake pana tenga la nazi, uzito wake kilo 40.

Baisikeli yake ni ya mtumba iliyotoka Japani. Nyuma ina sproketi sita zilizopangwa pamoja. Ndogo ina meno 14 na kubwa ina meno 28. Mbele, penye pedeli, ina sproketi moja tu, yenye meno 42. Sproketi ni lile duara la chuma lenye meno linalopitiwa na mnyororo. Kwa miezi mingi kijana aliweka akiba kidogo kidogo, na siku moja alikwenda kwa fundi mzee afanyaye kazi barazani mwa nyumba moja ya Kariakoo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kutwa?"

"Njema, mzee wangu. Nataka unitilie sproketi tatu za mbele, kama za baisikeli niliyoiona Manzese. Fedha ninayo tayari."

Fundi hakunyosha mkono kupokea fedha. Aliipindua baisikeli juu chini, akazungusha pedeli, akatazama mnyororo, akapima kwa macho nafasi iliyo baina ya sproketi na fremu. Kisha akauliza, "Sproketi tatu za nini, mwanangu? Wewe wataka mwendo, au wataka kupanda Kimara?"

Kijana akajibu kwamba yeye ataka kupanda Kimara bila kuumia magoti.

"Basi," akasema fundi, "keti kwanza tufanye hesabu."

II. Hesabu ya meno

Hesabu ya fundi ni nyepesi, na kila mwanafunzi ajuaye kugawanya anaweza kuifanya. Pedeli zikizunguka mara moja, sproketi ya mbele huvuta meno yote 42 ya mnyororo. Ikiwa mnyororo u katika sproketi ya nyuma yenye meno 14, sproketi hiyo itazunguka mara 3, kwa sababu 42 kugawanya kwa 14 ni 3. Gurudumu la nyuma huzunguka pamoja nayo. Mzunguko wa gurudumu la baisikeli ya kijana ni karibu meta 2. Kwa hiyo kwa kila mzunguko wa pedeli baisikeli huenda meta 6. Gia hiyo ni ya tambarare.

Mnyororo ukiwa katika sproketi ya nyuma yenye meno 28, gurudumu huzunguka mara moja na nusu, na baisikeli huenda meta 3. Hiyo ndiyo gia nyepesi kuliko zote alizokuwa nazo kijana, nayo bado ilikuwa nzito kwake penye mlima.

Sasa, ikiwa mbele itatiwa sproketi ya pili yenye meno 28, nayo ikashirikiana na ile ya nyuma yenye meno 28, gurudumu litazunguka mara moja tu kwa kila mzunguko wa pedeli, na baisikeli itakwenda meta 2. Kwa kuwa mwendo umepungua kutoka meta 3 kuwa meta 2, nguvu inayotakiwa katika mguu nayo hupungua kwa kadiri ile ile. Mguu uliokuwa ukisukuma kwa nguvu tatu, sasa utasukuma kwa nguvu mbili.

Je, nguvu ile ya tatu imekwenda wapi? Haikupotea, wala sproketi haikumpa mtu zawadi. Mlima wenye urefu wa meta 300 ulipandwa zamani kwa kuzungusha pedeli mara 100. Kwa sproketi mpya lazima zizungushwe mara 150. Zamani: mizunguko 100 ya nguvu tatu, jumla 300. Sasa: mizunguko 150 ya nguvu mbili, jumla 300. Kazi ya kuuinua mzigo ni ile ile. Imekatwa vipande vidogo zaidi, kama mtu ahamishaye gunia la mahindi kwa vikapu badala ya kulibeba zima. Hii ndiyo kanuni ya gia zote duniani: upatapo wepesi huna budi kulipa kwa mwendo, na upatapo mwendo huna budi kulipa kwa nguvu.

"Na sproketi ya tatu?" akauliza kijana.

Fundi akaendelea na hesabu. Sproketi ya tatu ingeweza kuwa kubwa, ya meno 48. Lakini hiyo ni ya mwendo wa kasi, na mtu mwenye tenga la nazi hataki mwendo wa kasi. Au ingeweza kuwa ndogo zaidi, ya meno 22. Hapo baisikeli ingekwenda meta moja na nusu na kidogo kwa kila mzunguko wa pedeli. Mtu akizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, atakwenda kilometa 5 na nusu kwa saa, nao ni mwendo wa mtu atembeaye upesi kwa miguu. Baisikeli yenye mzigo ikienda polepole namna hiyo huyumba, na ni vigumu kuiongoza baina ya magari. Afadhali mtu ashuke aisukume.

"Kwa hiyo," akasema fundi, "sproketi mbili zakutosha. Fedha ya sproketi ya tatu iweke. Nitakuambia baadaye matumizi yake."

III. Asili ya jambo hili

Fikira ya kutia sproketi mbili mbele si ya jana. Baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitengenezwa na Mwingereza John Kemp Starley katika mji wa Coventry mwaka 1885. Ilikuwa na gia moja tu. Katika mji wa Saint-Étienne, Ufaransa, penye milima mingi, alikuwako mtu aitwaye Paul de Vivie, ambaye aliona kwamba gia moja haiwezi kufaa penye tambarare na penye mlima pia. Alitia sproketi mbili mbele, na alipofika mlimani alishuka akauhamisha mnyororo kwa mkono.

Wako waliomcheka yeye na wenzake. Walisema gia ni za wazee na wadhaifu, na kwamba mwanamume hasa hushinda mlima kwa misuli yake. Hata katika mashindano makubwa ya baisikeli ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1903, vyombo vya kuhamisha mnyororo havikuruhusiwa mpaka mwaka 1937. Baada ya hapo mashujaa wote walivitumia, na hakuna aliyewaita wadhaifu.

Chombo cha mbele cha kuhamisha mnyororo kitaitwa hapa kihamishi. Vihamishi vya kwanza vilisukumwa kwa wenzo mfupi uliokuwa karibu na kiti, na mpandaji aliinama akaushika huku akiendelea kupiga pedeli. Siku hizi wenzo u katika usukani, nao huvuta waya mwembamba wa chuma, na waya hukisogeza kihamishi.

IV. Kupima kabla ya kununua

Kazi hii huharibika dukani kabla ya kufika kwa fundi. Mtu hununua kitu kizuri, kisha huona kwamba hakipatani na baisikeli yake. Kitabu Kitakatifu chatupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa aketi kwanza ahesabu gharama. Fundi alipima mambo matano.

Kwanza, mkono wa pedeli, ambao mafundi huuita krenki. Katika baisikeli ya kijana sproketi ilikuwa imegongomewa pamoja na mkono wake, haikuwa na matundu ya kufungia nyingine. Kwa hiyo ilitakiwa krenki nyingine yenye sproketi mbili, ya meno 42 na ya meno 28. Tena ilipasa mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto, iwe na urefu mmoja, kwa maana mtu apigaye pedeli zisizolingana huumia kiuno.

Pili, mhimili unaoshika mikono hiyo. Ukiwa mfupi, sproketi ya ndani itasugua fremu. Ukiwa mrefu kupita kiasi, mnyororo utakwenda upande kama ngalawa iliyopotea mkondo. Fundi hutazama kwa jicho moja kutoka nyuma: katikati ya sproketi mbili za mbele pawe mstari mmoja na katikati ya zile sita za nyuma.

Tatu, bomba la fremu lililo chini ya kiti, kwa sababu kihamishi hufungwa hapo kwa pete. Mabomba yana vipenyo mbalimbali. Mengine ni milimeta 28.6, mengine 31.8, na mengine 34.9. Pete ndogo haiingii, na pete kubwa huteleza.

Nne, mkono wenye springi ulio chini ya sproketi za nyuma. Kazi yake ni kuuvuta mnyororo usilegee. Mnyororo uhamiapo katika sproketi ndogo ya mbele, sehemu yake hubaki bila kazi, na mkono huu ndio unaoichukua sehemu hiyo. Mbele tofauti ni meno 14, yaani 42 kutoa 28. Nyuma tofauti ni meno 14, yaani 28 kutoa 14. Jumla ni 28. Mkono ukiwa mfupi mno hauwezi kuchukua ulegevu huo, na mnyororo huning'inia. Mkono wa baisikeli ya kijana uliweza.

Tano, mnyororo wenyewe. Mnyororo wa baisikeli ya gia ni mwembamba kuliko ule wa baisikeli ya gia moja. Kwa hiyo haifai kuchanganya. Tena mnyororo huchakaa, ukarefuka. Pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo hauna budi kubadilishwa. Zikizidi kwa moja ya nane, huenda meno ya sproketi nayo yamekwisha kuliwa. Kwa kuwa sproketi kubwa ya mbele ilibaki ya meno 42, urefu wa mnyororo haukuhitaji kuongezwa. Kama angetia sproketi kubwa kuliko ile ya kwanza, angehitaji mnyororo mrefu zaidi.

Huenda mwanafunzi akauliza juu ya zile baisikeli nyeusi nzito zenye gia moja, ambazo wachuuzi wengi hutumia. Hizo hazina mkono wa springi nyuma, wala wenzo, wala vihamishi. Kuzitia sproketi mbili mbele ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Afadhali mwenyewe abadilishe sproketi ya nyuma tu. Ikiwa mbele pana meno 44 na nyuma 18, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu. Nyuma pakiwa na meno 22, huzunguka mara mbili tu. Mlima utakuwa mwepesi, ingawa penye tambarare mwendo utapungua.

V. Kazi yenyewe

Siku ya pili kijana alileta vitu alivyoagizwa, na fundi akaanza. Alikata mnyororo kwa chombo cha kusukumia pini, akafungua pedeli. Hapa pana jambo linalowadanganya wengi: pedeli ya kulia hufunguliwa kama nati ya kawaida, lakini ya kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha upande wa pili. Asiyejua hilo huzidi kuikaza mpaka spana imponyoke na kumjeruhi mkono.

Alitoa krenki ya zamani, akapaka grisi mahali pa mhimili, akatia krenki mpya na kuikaza sana. Aliizungusha polepole, akaona kwamba sproketi ndogo yapita mbali na fremu, wala haigusi.

Kisha alifunga kihamishi. Kihamishi kina mabamba mawili ya chuma, na mnyororo hupita katikati yake. Kikisogea nje, bamba la ndani huusukuma mnyororo upande katika sproketi kubwa. Kikisogea ndani, bamba la nje huuangusha katika sproketi ndogo. Bamba la nje lazima lipite juu ya meno ya sproketi kubwa kwa nafasi ya milimeta 2 tu. Fundi hakuwa na kipimo cha milimeta. Alitia ukingo wa sarafu baina ya meno na bamba, akaridhika. Tena alitazama kutoka juu ahakikishe kwamba mabamba yameelekea sawa na sproketi, hayakwenda mshazari.

Baada ya hapo zilibaki parafujo mbili ndogo, nazo ndizo walinzi wa kihamishi. Moja hukizuia kisiende ndani kupita kiasi, na nyingine hukizuia kisiende nje kupita kiasi. Fundi aliweka mnyororo katika sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma, waya ukiwa bado umelegea. Kwa bisibisi aligeuza parafujo ya kwanza mpaka bamba la ndani likawa karibu sana na mnyororo lakini haliusugui. Kisha alifunga waya, akauhamisha mnyororo katika sproketi kubwa ya mbele na ndogo ya nyuma, akageuza parafujo ya pili vivyo hivyo kwa bamba la nje. Parafujo ya ndani ikilegea, mnyororo huanguka juu ya fremu. Ya nje ikilegea, mnyororo hurukia upande wa mguu, na mpandaji aliyekuwa akikanyaga kwa nguvu hukanyaga hewa akaanguka barabarani. Kwa hiyo fundi alijaribu mara nyingi, gurudumu likiwa limeinuliwa, kabla ya kumruhusu kijana apande.

VI. Namna ya kuitumia

Kijana alipanda, akazunguka mtaa mmoja, akarudi amekasirika. Alisema kwamba alipokuwa akikanyaga kwa nguvu, mnyororo ulikataa kuhama, ukalia kama chuma kinachosagwa.

Fundi akamwonyesha sababu yake. Mnyororo una pande mbili, wa juu na wa chini. Upande wa juu ndio unaovuta gurudumu, nao hukazika. Upande wa chini hurudi umelegea. Kihamishi cha nyuma husukuma upande wa chini uliolegea, kwa hiyo hufanya kazi upesi. Kihamishi cha mbele husukuma upande wa juu uliokazika, na kadiri mtu akanyagavyo kwa nguvu ndivyo mnyororo unavyokataa. Ni kama kamba inayovutwa na watu wawili: ikilegezwa kidogo, mtoto aweza kuisogeza, ikikazwa, hata mtu mzima hawezi.

"Hamisha kabla ya mlima, usingoje mlima ukushike," akasema fundi. "Pedeli ziendelee kuzunguka, lakini miguu iwe myepesi kwa mizunguko miwili au mitatu. Mnyororo ukiisha kukaa, ndipo ukanyage."

Tena alimwonya asitumie sproketi kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, wala ndogo pamoja na ndogo. Katika hali hizo mnyororo huenda mshazari, huyasugua meno kwa ubavu, na huchakaa kabla ya siku zake.

VII. Fedha iliyobaki

Kijana alijaribu tena, na safari hii mnyororo ulihama bila kelele. Alirudi akicheka. Akamwambia fundi, "Sasa nitaweza kuchukua matenga mawili. Nitapata faida mara mbili!"

Uso wa fundi ukabadilika. Akashika breki ya mbele, akaibana, akamwonyesha kwamba mipira yake imekwisha kuliwa mpaka chuma kinaonekana. Akamwonyesha na waya wa breki ya nyuma, ambao nyuzi zake mbili zilikuwa zimekatika.

"Mwanangu, umesahau Jangwani. Kabla hujapanda Magomeni unashuka bondeni na mzigo wako. Sproketi hii itakupandisha, haitakuzuia. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma."

Akamweleza kwa hesabu, kama desturi yake. Mzigo ukiongezeka maradufu kwa mwendo ule ule, kazi ya kuusimamisha nayo huongezeka maradufu. Mwendo ukiongezeka maradufu, kazi hiyo huongezeka mara nne. Breki ni ile ile, spoki ni zile zile, na gurudumu la nyuma ni lile lile; hakuna kimojawapo kilichopata nguvu mpya kwa sababu ya sproketi. Wako watu waliotia gia nyepesi, wakazidisha mizigo kwa kuwa miguu haikuwakataza tena. Zamani goti lilikuwa likimwambia mtu kwamba mzigo umezidi. Sasa goti limenyamaza, na mtu hana budi kujiambia mwenyewe kwa akili yake.

"Ile fedha ya sproketi ya tatu," akasema fundi, "ndiyo hii ya mipira minne ya breki na nyaya mbili."

Kijana alifikiri kidogo, akatoa fedha. Jua lilikuwa limekwisha kuelekea machweo fundi alipomaliza. Kesho yake alfajiri kijana alitoka Kariakoo na tenga moja la nazi. Aliposhuka Jangwani alibana breki polepole, nazo zikamtii. Chini ya bonde alihamisha mnyororo mapema, akapanda Magomeni ameketi kitini. Alifika Kimara akiwa na nguvu ya kuuza nazi zake siku nzima, na jioni alikwenda zake nyumbani bila kuchechemea.

Maswali

1. Kwa nini mtaa wa Kariakoo huitwa kwa jina hilo?
2. Sproketi ya mbele ina meno 28 na ya nyuma ina meno 14. Ikiwa mzunguko wa gurudumu ni meta 2, baisikeli itakwenda meta ngapi kwa kila mzunguko wa pedeli?
3. Eleza kwa nini kihamishi cha mbele hushindwa kuhamisha mnyororo mpandaji akikanyaga kwa nguvu.
4. Parafujo mbili za kihamishi zina kazi gani? Zikilegea, hatari yake ni nini?
5. Fundi alikataa kutia sproketi tatu. Je, alipata hasara au alipata faida? Toa sababu zako.
6. Andika maana ya methali, "Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma," kisha utoe mfano wako mwenyewe usiohusu baisikeli.